Lidia Hana Uchovu, Ana Msiba

Tangu filamu ya Michelangelo Antonioni iitwayo La notte ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1961, imekuwa ikifuatwa na hukumu moja ambayo mtazamaji humrithisha mtazamaji mwenzake bila kuikagua: kwamba ni filamu ya watu wasioweza kuzungumza. Giovanni Pontano, mtunzi wa riwaya anayeigizwa na Marcello Mastroianni, na mkewe Lidia, anayeigizwa na Jeanne Moreau, wanazunguka Milano tangu mchana hadi alfajiri ya kesho yake. Husemwa kwamba hakuna linalotokea, kwamba wawili hao wamechoshwa na maisha mazuri na wamechoshana wenyewe kwa wenyewe, na kwamba maradhi yao ni ya zama zao, yaani binadamu wa kisasa kushindwa kumfikia binadamu mwenzake kwa maneno. Wanaoipenda filamu hii husema hivyo kwa heshima, wanaoichukia husema hivyo kwa hasira, lakini kuhusu kilichomo ndani yake wanakubaliana. Mimi nakataa walichokubaliana. La notte ina kisa kamili, chenye chanzo, sababu na hatima. Ni kisa cha mwanamke aliyeingia msibani mchana kweupe na mume anayekaa naye saa zote hizo bila kutaka kuuona msiba wenyewe. Ndoa ya Pontano haikufa kwa uhaba wa maneno. Maneno yalisemwa, tena waziwazi, na aliyeambiwa aliyasikia.

Tuanze pale filamu yenyewe inapoanzia, maana wengi huparuka. Kamera inateremka kwenye uso wa kioo wa jengo la Pirelli, kazi ya msanifu Gio Ponti, jengo jipya kabisa wakati huo, huku jiji zima likionekana kwenye kioo hicho. Mtazamaji aliyekwisha kusikia kwamba hii ni filamu ya upweke wa mjini huridhika hapohapo, akadhani ameshapata jibu. Lakini jengo lile si kisa. Kisa kinaanzia hospitalini, kwenye kitanda cha Tommaso Garani, rafiki wa wanandoa hawa, msomi anayekufa kwa saratani, anayetulizwa maumivu kwa mofini. Tommaso anawakaribisha wageni wake kwa shampeni kana kwamba wao ndio wanaohitaji kufarijiwa. Anakisifu kitabu kipya cha Giovanni. Lidia hawezi kustahimili. Anatangulia kutoka, na nje, ukutani mwa hospitali, analia. Giovanni anabaki kidogo, na akiwa njiani kutoka anavutwa chumbani na mgonjwa mmoja wa akili, mwanamke kijana, naye anamwitikia mpaka wauguzi wanapoingia kuwatenganisha. Watu wawili wametoka chumba kimoja cha mtu anayekata roho: mmoja amelia, mwingine amejikuta mikononi mwa mwanamke asiyejua analolitenda. Mwongozaji ametupa mambo haya mawili moja baada ya jingine, na aliyeyatazama kwa makini hawezi kusema baadaye kwamba hakuambiwa filamu inahusu nini.

Ndani ya gari Giovanni anamsimulia mkewe yaliyompata, na Lidia hakasiriki. Hapa ndipo watazamaji wengi huanza kumwita mwanamke wa barafu. Wanasahau kwamba bado macho yake yana machozi, na kwamba machozi hayo si ya mumewe. Ni kweli kwamba kwa mara ya kwanza hatuwezi kujua kwa hakika Tommaso alikuwa nani kwake. Hilo tunaambiwa alfajiri tu, filamu inapokaribia kwisha. Alikuwa mwanamume aliyempenda kabla ya Giovanni, aliyekaa naye akimhimiza asome, aliyemwamini wakati ambapo yeye mwenyewe hakujiamini. Filamu imeficha habari hiyo mpaka mwisho, na naamini ilifanya vizuri, ila imetuachia wajibu wa kurudi nyuma na kuyasoma upya yote tuliyoyaona. Hukumu ya kwamba Lidia amechoshwa tu ni hukumu ya mtu aliyeacha kutazama kabla ya kurudi huko nyuma.

Kwa hiyo turudi kwenye matembezi ya Lidia. Hiyo ndiyo sehemu inayolaumiwa kuliko zote, na ndiyo sehemu ninayoitetea kwa moyo wote. Giovanni ana hafla ya kuzindua riwaya yake La stagione, watu wakubwa wapo, mshairi Salvatore Quasimodo aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel miaka miwili tu kabla anaonekana mle ndani, na hata Umberto Eco, angali kijana, anapita kati ya wageni. Lidia anaondoka kimyakimya na kuanza kutembea peke yake mjini. Wanaolalamika husema kwamba kwa dakika nyingi anatembea tu. Tazameni anachokitazama. Anamwinamia mtoto anayelia. Anapita kwenye saa mbovu iliyotupwa chini. Anabandua kwa vidole ganda la kitu kilichochakaa na kulitazama. Kisha anachukua teksi mpaka nje ya jiji, Sesto San Giovanni, ambako vijana wawili wanapigana ngumi huku wenzao wakiwatazama, na Lidia, mwanamke asiyehusika, anapiga kelele waache. Baadaye anasimama uwanjani kutazama watu wakirusha roketi ndogo angani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho mtu aliyechoshwa na dunia angekisimamia. Aliyechoshwa hapigi kelele vijana wasiuane. Aliyefikiwa na kifo ndiye anayetembea hivi: kila kinacholia, kilichosimama, kilichobanduka au kinachopaa kinamshika, kwa sababu ameona mchana huo mwili wa mtu anayempenda ukiisha. Msiba wake hauna matanga. Hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna jirani wa kumpa pole, wala hana cheo chochote kwa marehemu mtarajiwa ambacho kingemruhusu kulia mbele za watu. Kinachobaki ni miguu.

Na mwisho wa matembezi hayo anafanya jambo ambalo wanaomwita baridi hawalitaji: anampigia simu mumewe na kumwita aje. Anamwita mahali walipokuwa wakienda zamani, mapenzi yao yalipokuwa mapya. Mtu asiyeweza kuzungumza hafanyi hivyo. Huku ni kusema, tena kusema kwa ukarimu: njoo hapa tulipoanzia, siku hii, nikiwa katika hali hii. Giovanni anakuja, anatazama huku na huku, wanarudi nyumbani. Nyumbani Lidia yuko bafuni akioga mbele yake, kisha anamwonyesha gauni jipya, na mume hana macho ya kuona. Ujumbe ulitumwa mara tatu katika alasiri moja, na mtu aliyeupokea ni yuleyule aliyeuweka pembeni.

Nimewahi kuona hoja kwamba mwongozaji mwenyewe anawaunga mkono wanaosema filamu zake ni utabibu wa zama. Ni kweli kwamba alipokwenda Cannes mwaka 1960 na L'avventura, filamu iliyozomewa ukumbini na bado ikapata Tuzo ya Majaji, Antonioni alitoa maelezo kwamba mapenzi ya binadamu wa kisasa yanaumwa. Lakini yasomeni maelezo hayo kwa utulivu. Alichokuwa akisema ni kwamba binadamu amesonga mbele katika sayansi huku akibeba maadili ya kale ambayo hayamfai tena na ambayo hana ujasiri wa kuyatupa. Kukosa ujasiri wa kutupa unachojua kimekufa ni jambo tofauti kabisa na kukosa lugha. Hata kama angesema vinginevyo, filamu haifungwi na matangazo ya mwenyewe. Muswada huu aliuandika pamoja na Ennio Flaiano na Tonino Guerra, na walichoandika ni mandhari zenye watu wanaosema mambo mazito kwa sentensi fupi. Waitaliano walibandika lebo ya kutowasiliana kwenye filamu zake zote, kuanzia L'avventura hadi L'eclisse ya mwaka 1962, na lebo ikatuzuia kuisikiliza hii moja.

Hebu tuisikilize basi. Kwenye karamu ya usiku, katika jumba la tajiri wa viwanda Gherardini, Giovanni anakutana na binti wa mwenye nyumba, Valentina, anayeigizwa na Monica Vitti. Kabla ya hapo alikuwa ameona kitabu kimeachwa, riwaya ya Hermann Broch kuhusu watembeao usingizini, naye Valentina ndiye aliyekuwa akikisoma. Wawili hao wanacheza mchezo wa kusukuma kibweta cha poda kwenye sakafu ya mirabaraba, na baadaye wanabusiana huku Lidia akiwaona kutoka juu. Valentina anamsikilizisha Giovanni mawazo yake aliyoyanasa kwenye kinasa sauti, kisha anayafuta. Lidia, anapokuja kukaa na Valentina ana kwa ana, anamweleza kwamba hana wivu, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Ni wanawake wangapi katika sinema ya miaka ile waliopewa sentensi iliyo wazi hivyo mbele ya hasimu wao? Yeye na Valentina wanaelewana kwa dakika chache kuliko Giovanni alivyomwelewa yeyote usiku kucha. Hata mandhari ambayo hutajwa sana kama ushahidi wa ukimya, ile ya Lidia ndani ya gari la mwanamume aitwaye Roberto, mvua ikiteleza kwenye vioo na sisi hatusikii neno, inathibitisha kinyume chake. Lidia anaongea pale. Anacheka. Tunamwona, kwa mara ya kwanza usiku ule, akiwa mtu anayesikilizwa. Tulionyimwa mazungumzo ni sisi watazamaji, wala si wao waliomo garini. Roberto anapotaka kumbusu anakataa kwa upole na kuomba radhi. Maneno hayakuwahi kumpungukia Lidia. Alipungukiwa na mume wa kuyapokea.

Sasa nije kwenye lawama yenye uzito zaidi, ile ya utajiri. Mhakiki wa Marekani Pauline Kael aliandika mwaka 1963 makala kali iliyoifunga La notte pamoja na La dolce vita na Last Year at Marienbad, akilalamika kwamba karamu za wenye pesa zilizopooza zinauzwa kwetu kama picha ya roho ya Ulaya nzima. Sehemu ya lawama hiyo naikubali bila shida. Yeyote anayeichukua karamu ya Gherardini kuwa mfano wa hali ya binadamu wote anaupa umati ule heshima usiyostahili, na wapo wapenzi wa filamu hii waliofanya hivyo. Tena kuna jambo ambalo mtazamaji wa Kiafrika hapaswi kulimeza: katika klabu ya usiku, kabla ya karamu, burudani ni mwanamke mweusi anayejikunja mwili huku akisawazisha glasi ya mvinyo, na mwongozaji huyohuyo, mwaka uliofuata katika L'eclisse, alimpaka Monica Vitti rangi nyeusi acheze ngoma ya kuigiza katika chumba cha mwanamke aliyekulia Kenya anayewazungumzia Waafrika kwa dharau. Dharau ya mwanamke huyo filamu inaifichua. Starehe ya kuutumia mwili mweusi kama pambo haiifichui, na hapo simtetei Antonioni.

Lakini lawama ya Kael inaiangukia karamu, na kisa cha Lidia kimesimama nje ya karamu. Yeye si tajiri wa karamu ile. Ni mgeni pale kama Giovanni, ambaye Gherardini anataka kumwajiri aandike historia ya kampuni yake. Ajira hiyo ni mtego unaoeleweka na mtu yeyote anayeishi kwa kalamu. Na kinachomtesa Lidia hakinunuliwi wala hakiponywi kwa pesa: mtu aliyemwamini anakufa, na mtu aliyemchagua badala yake hayupo, ingawa amekaa kando yake. Mwondoeni Lidia kwenye jumba la Gherardini mkamweke nyumba ya chumba kimoja, kisa hakipotezi hata kiungo kimoja.

Wapo pia wanaouliza, kwa haki, kwa nini wasiachane tu. Swali hili huulizwa zaidi na watazamaji wa leo, na jibu lake liko katika sheria za Italia ya wakati ule. Talaka haikuwapo. Ilihalalishwa Desemba 1970, na kura ya maoni ya Mei 1974 ndiyo iliyozima jaribio la kuifuta. Kifungu cha 559 cha sheria ya jinai kilimpa mke mzinzi adhabu ya kifungo, wakati mume aliadhibiwa tu ikiwa alimweka hawara nyumbani kwake au hadharani. Mahakama ya Katiba ilikiacha kifungu hicho kisimame mwaka uleule wa 1961 na haikukibatilisha mpaka 1968. Maana yake ni kwamba busu la Giovanni sebuleni lilikuwa kosa la adabu tu, na kile ambacho Lidia alikaribia kukifanya garini kingeweza kumfikisha mahakamani. Mwaka huohuo Mastroianni aliigiza pia katika Divorzio all'italiana ya Pietro Germi, akiwa bwana wa Sisilia anayepanga kifo cha mkewe kwa sababu hawezi kumpa talaka. Italia ililicheka jambo lile, na ilikuwa na sababu. Antonioni alichukua mlango huohuo uliofungwa akauliza swali gumu zaidi: watu ambao sheria haiwaruhusu kuachana wanaweza angalau kuambiana ukweli? Lidia anajibu ndiyo. Ndoa yao haina pa kutokea isipokuwa kwa kukiri, na ndiyo maana kukiri kunakuwa na uzito wa tendo.

Hoja iliyobaki dhidi yangu ni simu. Kutoka kwenye jumba la karamu Lidia anapiga hospitalini na kuambiwa kwamba Tommaso amefariki dakika kumi zilizopita. Hamwambii Giovanni. Je, huku sio kule kushindwa kusema ambako ninakukana? Nimelipima swali hili na sioni hivyo. Anamficha habari mtu ambaye usiku huohuo alikuwa na mdomo wake kwenye mdomo wa binti wa mwenye nyumba. Kumwambia pale kungekuwa kuutupa msiba katikati ya muziki wa Giorgio Gaslini na wageni wanaojirusha kwenye bwawa la kuogelea na nguo zao huku mvua ikinyesha. Yeye mwenyewe alisimama tayari kujirusha akazuiwa na Roberto; hilo wengine huliona kama utani wa mlevi, mimi naliona kama la mtu asiyejua aupeleke wapi mwili wake. Anaitunza habari mpaka wawili hao wamebaki peke yao, jua likichomoza, bendi bado inapiga na wageni wamekwisha. Kuchagua wakati wa kutoa tanzia ni sehemu ya kuitoa. Kila aliyewahi kutumwa kupeleka habari ya kifo anajua kwamba haipelekwi mlango wowote, saa yoyote.

Na anapoisema, anasema yote kwa mfululizo. Tommaso amekufa. Tommaso alinipenda, alinipa imani, nami sikumthamini kwa sababu alizungumza juu yangu mimi. Wewe ulizungumza juu yako, na hilo likanivutia. Natamani kufa kwa sababu sikupendi tena. Sijui mazungumzo ya ndoa katika filamu ya miaka ile yaliyo wazi kuzidi haya. Hamna fumbo hata moja ndani yake. Kisha anatoa mkobani barua na kuisoma, barua ya mwanamume anayemtazama mwanamke aliyelala alfajiri na kuona kwamba amekuwa wake kwa namna ambayo wakati hautaiondoa. Giovanni anauliza nani ameiandika. Ni yeye mwenyewe aliyeiandika. Watazamaji wengi wameliona swali hilo kuwa kilele cha kutowasiliana, na ninawashangaa, kwa sababu barua ile ndiyo ushahidi kwamba mtu huyu aliwahi kuwasiliana na mkewe kwa ukamilifu ambao wengi hawaufikii maishani. Uwezo alikuwa nao. Aliutumia, mkewe akauhifadhi, na yeye akausahau kwa sababu macho yake yaligeukia upande mwingine: vitabu, hafla, kibweta cha poda, ahadi ya mshahara.

Kisha anamshika, anamwangusha kwenye nyasi na kumbusu. Wapo wanaoliona tendo hilo kama tumaini, kama ndoa inayojaribu kufufuka, na wapo wanaoliona kama shambulio. Naungana zaidi na wa pili, ingawa si kwa sababu ya nguvu za mwili peke yake. Lidia anamwambia tena kwamba hampendi, na kwamba yeye pia hampendi, na anamtaka akiri. Giovanni anasema hatakiri. Angalieni alichokitumia kujibu ombi la neno moja: mikono na mdomo, ili neno lisiwe na nafasi ya kupita. Wanaosema filamu hii inaonyesha kwamba lugha imewashinda wanandoa wote wawili wanampa Giovanni udhuru ambao filamu haikumpa. Wanaugawa kwa watu wawili wajibu wa mmoja, na wanamtwika ubaridi mwanamke ambaye, tangu hospitalini mpaka pale nyasini, ndiye pekee aliyelia, aliyeita na aliyesema. Berlin iliipa filamu hii Dubu wa Dhahabu mwaka 1961, na tangu hapo imesifiwa kwa picha za mpigapicha Gianni Di Venanzo, kwa usanifu wake wa majengo na kwa ukimya wake. Sifa hizo zote ni za kweli na zote zinaweza kutolewa na mtu ambaye hakumsikia Lidia.